Siku Nilipomuua Papa Kizibo

Vijana wangu, asante kwa kunitembelea hapa Ndosho juzi. Mulikuja watatu, na simu nne, na ule muguu wa chuma wa kushikia kamera, yote hiyo kwa kumusikiliza muzee mumoja mwenye mafua. Mukaniuliza, kwa ile lugha yenu ya semina, "siri ya mafanikio" ya Papa Kizibo ni nini, na juu ya nini watu wanaendelea kutumiana picha zake hadi leo. Nikajibu sijui. Niliona sura zenu zimeanguka, hasa yule aliyekuwa amefungua daftari akingoja hekima. Basi nimeamua niwaandikie. Siri bado siijui. Lakini kuna kitu kimoja nilichofanya ambacho wachoraji wengi hawajakifanya: mimi Faustin, kwa mukono wangu wa kuume, nilimuua Papa Kizibo, na muji mzima ukaja kuniuliza.

Kwa wale waliozaliwa na simu mukononi: Papa Kizibo alikuwa katuni ya gazeti letu, gazeti dogo la kila Jumamosi, lenye karatasi ya rangi ya uji. Alikaa ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ndani ya visanduku vinne. Mutu mufupi, mupana, kichwa bila shingo, kama kizibo cha chupa; jina lilitoka hapo. Koti kubwa lenye kifungo kimoja. Kila Jumamosi alienda kwenye biro, yaani ofisi, ya serikali kuomba kashe, ule muhuri wa bluu, juu ya karatasi yake. Karatasi ya nini? Hatukusema hata siku moja. Na kila Jumamosi karani munene wa dirishani alimurudisha bila kashe. Ni hiyo tu. Andikeni kwenye daftari: hadithi yote inaingia ndani ya sentensi moja, na ilidumu kuliko wakubwa wote tuliowaona wakiingia na kutoka kwenye zile biro.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Direkta. Direkta, mukubwa wa gazeti letu, alikuwa mutu wa heshima, alivaa tai hata siku ya jua kali, na kila wiki aliandika makala ya mawazo. Ninaamini makala zile zilisomwa na watu wawili: yeye mwenyewe na mimi, na mimi nililazimishwa. Watu wengine walinunua gazeti, wakaligeuza kama chapati na kuanzia nyuma. Mama Furaha, aliyeuza mandazi mbele ya mulango wetu, alifungia mandazi ndani ya makala za Direkta, lakini picha ya Kizibo aliikata kwa wembe na kuibandika ukutani nyumbani kwake. Direkta aliliona hilo. Akasema ni kawaida, karatasi yenye mawazo mazito inashika mafuta vizuri zaidi.

Sasa, Kizibo hakuwa wangu. Alikuwa wa Papa Anselme. Huyo alitoka upande wa Bukavu, Mukatoliki wa misa ya asubuhi, mwembamba, shati jeupe, mustari wa pasi ungeweza kukukata. Kabla ya gazeti alikuwa karani wa biro moja kwa miaka mingi. Siku moja aliacha, na hakueleza mutu sababu. Mimi wakati ule nilikuwa nachora vibao: vichwa vya kinyozi, kuku wa mukahawa, jino moja kubwa lenye kutabasamu kwa muganga wa meno wa hapa Ndosho. Papa Anselme alisimama mbele ya lile jino karibu dakika kumi.

"Wewe njo ulichora hii jino?"

"Njo mimi, Papa."

"Jino gani inakuwa na meno?"

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimelichorea lile jino mudomo, na ndani ya mudomo nikapanga meno thelathini na mawili. Nilikuwa ninajivunia.

"Kuhesabu meno ni kazi ya Mungu," akasema. "Wewe chora mudomo. Kuja kesho saa mbili."

Ninyi mulisoma miaka mitano kwa kupata kazi. Mimi niliajiriwa kwa kosa la jino.

Alinifundisha vitu ambavyo hamutavipata kwenye simu. Andika maneno kwanza, halafu utafute kichwa cha kuyasema. Muchoraji kijana anachora kwanza kichwa kizuri chenye nywele moja moja, na maneno yanabaki yamebanwa kwenye kona kama mugeni aliyekuta viti vimeisha. Wakati wa kiangazi, funika chupa ya wino na kitambaa kilicholowa maji, sababu vumbi la mawe yetu meusi ya volkano linapenda wino kuliko sukari. Ukikosea, usikwangue, utatoboa karatasi na utabaki na makosa mawili. Na mukono ukikushinda kuchora, utie mufukoni. Mwaka jana mutu mumoja wa chuo aliniandikia kwamba mukono wa kushoto wa Kizibo, ule unaokaa mufukoni siku zote, ni alama ya mwananchi aliyefungwa na mamlaka. Nikamujibu kwa heshima kwamba ni alama ya Papa Anselme kushindwa kuchora mukono wa kushoto. Hakuniandikia tena.

Kuna wiki moja aliniachia nichore peke yangu, naye akienda kwenye ubatizo wa mujukuu wake. Nilitoka jasho. Nilitia vivuli, nilitia mikunjo kwenye koti, na kwa sababu koti lilionekana tupu, nikaongeza kifungo cha pili. Kazi nzuri kabisa. Jumatatu Mama Furaha alinikamata mulangoni.

"Papa Faustin, nani amemushonea Kizibo kifungo?"

"Kifungo gani?"

"Usinidanganye. Muke wake, Mama Kizibo, hana uzi. Miaka yote hana uzi. Sasa kifungo inatoka wapi? Ameoa muke wa pili?"

Nilicheka. Kosa. Barua zilifuata. Moja ililetwa na dereva wa basi kutoka Rutshuru, imekunjwa mara nane, imeandikwa na waalimu wanne na kusainiwa na wote. Walitaka kujua kama Kizibo amebadilika. Papa Anselme aliisoma, akaniwekea juu ya meza, halafu wiki iliyofuata akachora Kizibo akikiuza kile kifungo sokoni ili apate nauli ya kwenda biro. Watu wakatulia. Munaniambia siku hizi mashine inaweza kumuchora Kizibo kwa sekunde tano. Sawa. Mashine isiyoogopa Mama Furaha itachora vifungo kumi.

Halafu macho ya Papa Anselme yakaingia ukungu. Alianza kuchora akiwa ameweka pua juu ya karatasi, akarudi nyumbani na wino kwenye pua, na mwishowe mukono nao ukaanza kutetemeka. Alihamia kwa binti yake, upande wa Lac Vert, kwenye njia ya kwenda Sake. Akaniachia kalamu zake zimefungwa kwenye taulo. Hakuniambia, "Umuchunge." Nadhani aliona hakuna haja ya kusema.

Ningependa kuwaambia nilibeba urithi ule kwa unyenyekevu. Nilikuwa kijana, kama ninyi. Kwa mwaka mumoja nilichora mutu ambaye si wangu, na njiani watu waliniita "yule mutoto wa Kizibo". Mimi nilikuwa na mutu wangu kichwani: Jo Makali. Miwani nyeusi, pikipiki, misuli, meno yote thelathini na mawili. Nikamuonyesha Direkta. Direkta akafurahi, sababu Jo Makali hakuwa na uhusiano wowote na biro, na wakubwa wa biro walikuwa wameanza kumuuliza kwenye sherehe kama yule karani munene wa katuni ni nani kati yao.

"Kizibo amezeeka," Direkta akasema. "Gazeti inahitaji damu mupya. Mumalize vizuri."

Basi nikamumaliza vizuri. Sanduku la kwanza: Kizibo kwenye mustari, mbele ya dirisha la biro. La pili: muchana, bado yuko kwenye mustari, amekaa chini. La tatu: ameegemeza kichwa ukutani, macho yamefungwa. La nne: karani anafungua dirisha, na chini kuna koti na karatasi. Nilijiona muchoraji mukubwa. Nilifikiri watu watasema, "Loo, huyu Faustin ana kina." Jumamosi gazeti lilitoka. Wiki iliyofuata Jo Makali angechukua visanduku vyote vinne na pikipiki yake.

Jumatatu nilikuta viti mbele ya biro yetu. Kwanza nilidhani ni mukutano wa kartie, ule wa mutaa. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye mukeka, amejifunga kitambaa kichwani, na kikaango chake kimefunikwa.

"Mama Furaha, leo hakuna mandazi?"

"Mandazi gani? Tuko ku kilio."

"Pole sana. Nani amekufa?"

Akaninyooshea kidole. "Wewe njo unaniuliza?"

Hadi saa nne watu walijaa hadi barabarani. Wamama wa kwaya ya parokia waliimba. Walokole walikataa nyimbo za Kikatoliki, wakasema Kizibo hakuonekana hata siku moja kwenye misa. Wakatoliki wakajibu kwamba mutu mwenye uvumilivu wa namna ile lazima alibatizwa. Mama mumoja alitoka Kanyaruchinya kwa muguu, kambi ya wakimbizi alipokuwa akingoja jina lake lisomwe kwenye orodha ya musaada, akaleta kuni tatu za kilio. Kuni tatu, vijana, kutoka kwa mutu asiyekuwa na kuni. Direkta alichungulia nyuma ya pazia.

"Faustin. Wamekuja juu ya makala yangu?"

"Hapana, Direkta."

"Hata kidogo?"

Alipofiwa na mujomba wake watu hawakufika nusu ya wale. Alikaa kwenye kiti chake akifungua na kufunga tai.

Nilitaka kutoka kwa mulango wa nyuma, lakini njiani alisimama muzee mumoja mwenye viatu vya mupira na fimbo ya muchungaji. Aliitwa Muzee Habimana, mufugaji kutoka Masisi. Binti yake, musichana mukubwa wa sekondari, alikuwa ameshika gazeti letu.

"Nani muchoraji?" akauliza.

Hakuna mutu aliyenionyesha. Wino ulinionyesha. Nilitia mikono yote miwili mufukoni, nimechelewa.

"Kijana," akasema, na hakupaza sauti. "Mimi sijui kusoma. Huyu njo ananisomea. Mimi niko nafuata karatasi ya shamba ya baba yangu tangu huyu hajazaliwa. Nyumbani wananiambia, Muzee, acha, wamekushinda. Mimi nawajibu: Kizibo ameacha? Ule mutu hana hata shingo, anaenda kila Jumamosi. Mimi niko na shingo. Nitaacha namna gani? Sasa juzi huyu ananisomea, amekufa." Akanionyesha gazeti kwa fimbo. "Niambie basi. Leo nitawajibu nini?"

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu damu mupya. Niliyaacha pale mulangoni.

Nilichukua pikipiki hadi Lac Vert, nikakuta Papa Anselme amekaa nje ya nyumba ya binti yake, kwenye kiti cha mbao, uso umegeukia upande wa jua. Alinijua kwa hatua zangu.

"Umekuja kunipa pole?"

"Papa, nisamehe."

"Wamenisomea, lakini watu wanaruka maneno. Sema wewe. Amekufa namna gani?"

Nikamwambia sanduku moja baada ya lingine. Nilipofika la tatu aliinua mukono.

"Alikuwa wa ngapi ku mustari?"

"Wa pili, Papa."

"Wa pili," akasema. Binti yake alitoka kutuangalia, akarudi ndani. "Faustin, unajua nilikuwa karani. Siku moja muzee mumoja alikufa ku mustari yangu. Si katuni. Mutu. Alikuwa mufupi, na koti kubwa. Alikuwa amekuja siku nyingi, na mimi nilikuwa namwambia, rudi kesho. Siku ile alifika wa pili. Mimi nikafunga dirisha. Unajua juu ya nini? Nikunywe chai. Kashe ilikuwa pale juu ya meza, ni kugonga tu, pah, anaenda. Nilipofungua, watu wanasema muzee amelala. Hakulala."

Nikakaa chini kwenye jiwe.

"Hata jina yake sikujua. Karatasi yake ilipotea ile siku, sikujua hata alikuwa anaomba nini. Mwezi uliofuata niliacha kazi, nikanunua wino. Nikamupa jina. Nikamuweka mahali hawezi kufa. Kila Jumamosi nilikuwa naangalia kama bado anatembea." Aligeuza ule uso wake wenye ukungu kunielekea. "Halafu wewe unamuua, na unamuua akiwa wa pili."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini munajua upande ule ardhi ni jiwe tupu la volkano, halimezi mutu. Nilibaki pale nikilia kama mutoto, na Papa Anselme hakunibembeleza. Alingoja nimalize. Halafu akaita binti yake alete meza.

"Toa karatasi. Weka kidole yangu ku kona, nijue sanduku inaanzia wapi."

Nikasema, Papa, niambie tu, mimi nitachora. Akasema, "Wewe umeshachora." Basi nilimushikia karatasi, nikamwambia juu, chini, kushoto kidogo, naye akachora na pua juu ya meza. Mustari wake ulitetemeka kama maji ya beseni gari kubwa likipita. Tulianza baada ya chakula, tukamaliza jua likishuka.

Sanduku la kwanza: Kizibo amelala chini, kama nilivyomuacha. La pili: karani anatoa kichwa dirishani na kusema, "Hapa kufa bila ruhusa ni marufuku. Uko na karatasi ya kufa? Iko na kashe?" La tatu: Kizibo amefungua jicho moja: "Haina, Mukubwa." La nne: "Basi simama, rudi kesho." Na Kizibo amesimama, anapangusa koti, anauliza, "Kesho saa ngapi?"

Direkta alipouona ule mustari wenye kutetemeka alikataa. Alisema gazeti lake si daftari la chekechea. Akaniamuru nichore upya juu yake, mustari safi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimwambia mukubwa hapana. Nikaongeza kwamba hakuna shida, kilio kitaendelea, na wamama wameniuliza kama wanaweza kuchemusha chakula cha kilio, maharage na wali, kwenye ngazi ya biro yake. Alitazama dirishani. Mama Furaha alikuwa tayari amepanga mafiga matatu. Katuni ikatoka vilevile, na mutetemeko wake wote. Jo Makali sijui pikipiki yake iliishia wapi. Hajawahi kutoka hata Jumamosi moja, na hamujamuulizia.

Nilingoja watu waseme muchoraji amezeeka. Hakuna aliyesema. Mama Furaha aliniambia, akigeuza mandazi, "Umemuchora vizuri leo. Mutu ametoka kufa, asitetemeke namna gani?" Na watu hadi leo, wanaponitumia ile picha kwenye simu, wanaandika chini yake, "Kesho saa ngapi?" Wengine hawajawahi hata kuliona gazeti letu. Munaniuliza siri. Mimi nawarudishia swali: wangapi kati yenu hawajawahi kuambiwa warudi kesho?

Baada ya wiki mbili Muzee Habimana alirudi kwenye biro yetu pamoja na binti yake. Hakuwa amepata karatasi ya shamba, kama munafikiri hii ni hadithi ya namna hiyo. Alikuwa amebeba kitu cha duara kilichofungwa kwenye majani ya migomba: jibini ya Masisi, ile ya njano, kilo nzima.

"Upeleke kwa Kizibo," akasema. "Nimeona bado anatetemeka. Hii itamurudishia nguvu."

Nilimuangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania vizuri kuliko Direkta na mimi pamoja. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jioni ileile nilikuwa Lac Vert. Papa Anselme aliinusa kwanza, akaipima kwa kiganja, akaomba kisu.

"Ule mutu anajua ni mimi nilichora?"

"Hapana, Papa. Amesema ni ya Kizibo."

Akakata kipande, akakiangalia kwa yale macho yake yasiyoona kitu.

"Muzuri," akasema. "Ingekuwa yangu, ningeona haya kuikula."

Akala polepole hadi kikaisha. Halafu akanipa kisu, nami nikate changu.